Wembe wa kukunja wa oda: fundi amebadilisha nini kwa ajili yako?

#1 Makali ya Asubuhi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo karibu miaka 2, na leo naliweka hapa kwa sababu kila baada ya siku chache mtu ananitumia picha ya wembe na kuuliza, "Mkuu, huu ni wa oda kweli?"

Nazungumzia wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani: ubapa mmoja wa feleji unaolala ndani ya mpini, unaonolewa kwenye jiwe na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kunyoa. Vile vishikio vya kubadilisha viwembe simo kwenye habari zake leo.

Naishi Sheffield, Uingereza. Mafundi visu wa eneo hili walipata chama chao kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na nyembe walizotengeneza karne ya 19 bado unazikuta kwenye meza za mitumba, zina kutu, mpini wa pembe umeliwa na wadudu. Wembe wangu wa kwanza niliuokota kwenye meza kama hiyo. Nikausafisha, nikajifunza kunoa, nikanogewa.

Wa pili niliuagiza mtandaoni. Tangazo lilisema ni wa oda, umetengenezwa kwa mkono. Fundi aliniuliza mambo matatu: rangi ya mpini, mapambo ya mgongo, na herufi za jina langu. Nikalipa. Ulipofika nilikaa nao mezani nikiuangalia tu, unang'aa kama kioo. Kisha nikafanya jaribio ambalo kila mwenye wembe mpya ningependa alifanye. Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikapaka weusi ukingoni mwa makali pande zote mbili, nikapaka na mgongo. Nikaulaza kwenye jiwe la namba 1000 na kuusukuma mara 5, mkono mwepesi. Wembe ulionyooka, wino unatoka sawasawa kuanzia kisigino, ule upande ulio karibu na mpini, hadi ncha. Wangu upande mmoja ulitoka kisigino na ncha, katikati ukabaki mweusi ti. Nikaugeuza: huku umetoka katikati tu. Ubapa ulikuwa umepinda ulipozamishwa kwenye oili wakati wa kukomazwa, yaani kufanywa mgumu kwa moto, na ung'arishaji ndio uliofunika kasoro ile.

Nilimwandikia. Akasema nikinoa vizuri utakaa sawa. Miezi michache baadaye nikaona picha ya wembe wa mtu mwingine kutoka kwa fundi huyohuyo: upana uleule, mbonyeo uleule (namna ubavu ulivyochimbwa), ncha ileile. Tofauti ni rangi ya mpini na herufi. Yule bwana ana ndevu nyembamba zilizonyooka. Mimi zangu ni ngumu na zimejisokota, na shingoni zinaota kuelekea sikioni. Sote wawili tumeuziwa wembe mmoja.

Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa, akakupima mabega, akakuuliza suruali unaivalia wapi, akakuita tena ujaribu, hapo umeshonesha. Ukiingia dukani ukachagua rangi na muuzaji akakupunguzia pindo, umenunua. Zote mbili zimeshonwa na mtu, na ya dukani inaweza kuwa nzuri sana. Mimi kosa naliona pale mtu anapolipa bei ya kushonesha akapewa ya dukani yenye pindo.

Kwa hiyo kipimo changu ni swali moja: fundi amebadilisha nini kwenye feleji kwa sababu mwenye wembe ni wewe na si mwingine?

#2 Kinyozi wa Magomeni

Mkuu, heshima kwako, ila hapa nakupinga kidogo. Nina miaka 22 nyuma ya kiti cha kinyozi. Mteja hajui mgongo una milimita ngapi, anajua wembe umemuuma au haujamuuma. Makali ndiyo wembe, mengine yote ni sifa za wenye hela. Nimewahi kushika wembe wa kiwandani wa Solingen, Ujerumani, mzee aliyeniachia alikuwa nao tangu ujana wake, na ukipita shavuni mteja anasinzia.

Halafu kuna la afya. Saluni siku hizi ni mteja mmoja, kiwembe kimoja, ukimaliza unatupa. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini vinapita kwenye damu ambayo hata huioni. Wembe wa kukunja wa gharama yote hiyo nitamnyolea nani?

#3 Makali ya Asubuhi

Kaka, la afya umelimaliza, na wote walisome mara mbili. Wembe wa kukunja unaonolewa ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Hata ndugu yako usimpe. Na kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kutaka uwe wa kwako kwa vipimo: hautanyoa uso mwingine wowote.

La makali, twende taratibu. Kisu unakishika juu ya jiwe kwa mteremko unaoutaka wewe. Wembe wa kukunja unaulaza wote, makali na mgongo vinagusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Mwenye jiwe hana uamuzi tena. Ubapa wenye upana wa milimita 19 na mgongo wa milimita 5.6 unakupa pembe ya nyuzi 17 hivi, mahali pazuri. Sasa chukua fundi anayependa ubapa mpana kwa sababu unapendeza pichani, milimita 22, akaacha mgongo wa milimita 5. Umeshuka hadi nyuzi 13. Makali yatakuwa membamba mno, yatamenyeka kwenye ndevu ngumu, na utanoa kila Jumapili ukidhani tatizo ni mkono wako. Uzuri wa makali unaousifu wewe uliamuliwa na mtu aliyesaga mgongo kabla jiwe halijaguswa.

Na wembe wako wa Solingen, tafadhali utunze. Jina hilo linalindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, huwezi kuligonga kwenye chuma kilichotengenezwa kwingine. Viwanda vile kila hatua ilikuwa na mtu wake: huyu anasaga tu, yule ananyoosha tu, mwaka hadi mwaka, mpaka vidole vinajua vyenyewe. Nasema wazi: wembe bora wa kiwandani unanyoa vizuri kuliko wembe wa oda wa fundi ovyo. Oda haifuti ubovu.

#4 Ndevu Ngumu

Habari zenu wakubwa. Mimi niko Mombasa. Nasumbuliwa sana na vipele vya ndevu, hasa chini ya taya, na mashine za viwembe vitano zimenimaliza. Kuna fundi wa nje nimeanza kuwasiliana naye. Ananishauri feleji ya Damascus na mpini wa mpingo. Bei ni kubwa kwangu, nitadunduliza. Naomba kujua, Damascus inanyoa vizuri zaidi? Na wembe wa oda utaniondolea vipele?

#5 Makali ya Asubuhi

Ndugu yangu, karibu. Nianze na vipele maana ndivyo vinavyouma.

Nywele iliyojisokota ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, inapoota tena ncha yake inajikunja na kuichoma ngozi kutoka ndani au kurudi ndani kutoka nje. Viwembe vingi kwenye kichwa kimoja vinaleta hilo: cha kwanza kinaivuta nywele, kinachofuata kinaikata ikiwa imevutwa, kisha inarudi ndani. Ubapa mmoja unaikata kwenye usawa wa ngozi. Kwa hiyo ndiyo, wengi wetu tumepata nafuu, lakini nafuu hiyo inakuja na adabu: unanyoa kufuata uelekeo wa nywele, mara moja, huvuti ngozi kupita kiasi, hurudii kinyume ili uso uwe laini kama wa mtoto. Wembe wowote wa kukunja wenye makali safi utakupa hilo, hata wa meza ya mitumba. Na kama vipele vimeshakuwa makovu yaliyovimba, nenda kwa daktari wa ngozi kwanza.

Oda inaingia hapa. Fundi wangu wa pili hakutaja bei mpaka tulipoandikiana wiki mbili. Alitaka picha za uso wangu ndevu zikiwa za siku mbili, kushoto, kulia na shingo nikiwa nimeinua kidevu, kisha nichore mishale ya uelekeo wa nywele juu ya picha. Akauliza natumia mkono gani, na kama nikifika upande wa pili nabadilisha mkono au navuka uso. Akauliza mawe yangu ni yapi. Akaniambia niweke kiganja kwenye karatasi nikizungushie kalamu, nimtumie karatasi yenyewe, si picha.

Nilikuwa nimemwomba ubapa mpana wenye mbonyeo kamili, ule uliochimbwa pande zote mbili mpaka unakuwa mwembamba na unalia ukiugusa kwa ukucha. Akakataa. Aliniandikia kwamba ubapa mwembamba vile unatikisika kidogo unapokutana na nywele nene zilizojisokota, na kwamba chini ya taya yangu nywele zinageuka pembe mara mbili ndani ya sentimita 3, upana wa milimita 22 hautageuka pale. Akanipa milimita 19, na mbonyeo wa robo, uliochimbwa kidogo tu, karibu na kabari, ili ubapa usimame imara. Ncha akaifanya duara. Shingo ya wembe akairefusha na kuchonga vijino upande wa chini, kwa sababu kwenye ile karatasi aliona vidole vyangu ni virefu na mimi hushikilia kwa vidole vitatu.

Siku ya kwanza nilipofika chini ya taya, mahali ambapo kwa miaka nilikuwa nafumba macho, ubapa ulizunguka kona bila kurukaruka. Nilisikia sauti ya nywele zikikatwa, kavu, kama mtu anatembea kwenye majani makavu. Nilikaa chini kwenye ukingo wa bafu. Nilikuwa na miaka 41 na sikuwahi kunyoa pale bila damu.

Damascus sasa. Ni feleji mbili zilizochomelewa kwa nyundo na moto, zikakunjwa, zikafuliwa tena, kisha zikaoshwa kwa asidi ili tabaka moja lijitofautishe na lingine. Ni kazi kubwa na naipenda kwa moyo. Lakini michoro hainyoi. Makali yatategemea ni feleji gani zimetumika na jinsi zilivyokomazwa. Kama hela zako ni za kudunduliza, mwambie hizo za Damascus azihamishie kwenye usagaji.

#6 Fundi wa Kamukunji

Hii mada imenigusa. Mimi ni wa jua kali Nairobi, nafua patasi, mapanga na visu vya bucha kutoka springi za lori. Nimejaribu wembe mara mbili. Wa kwanza ulipinda kama ndizi kwenye oili. Wa pili ulinyooka, ukanyoa siku moja tu, kesho yake unavuta nywele. Springi yangu nzuri kabisa, panga lake linakata mwaka mzima. Nimekosea wapi? Na kuna haja ya kufua kwa nyundo, au naweza kukata tu umbo kutoka kwa bamba?

#7 Makali ya Asubuhi

Fundi, hujakosea mkono. Umekosea chuma. Springi nyingi za lori zina kaboni karibu asilimia 0.6. Hiyo inampa panga ugumu wa kuvumilia kugongwa, ndiyo maana mapanga yako yanasifika. Wembe haugongwi. Unataka makali membamba sana yasimame bila kulala, na hapo feleji yenye kaboni karibu asilimia 1 ndiyo inayofaa, zile zinazoitwa 1095, O1, au 52100. Hiyo ya mwisho unayo karibu yako, ni feleji ya bearing. Pete ya nje ya bearing kubwa ya lori, ukiipasha ikawa laini, ukaikunjua na kuifua, ina kaboni asilimia 1 na kromu asilimia 1.5. Ila fahamu ni chuma kigumu chini ya nyundo, na baadhi ya bearing zimekomazwa juujuu tu kwa feleji nyingine, kwa hiyo kata kipande ukijaribu kwanza.

Jaribio lenyewe: pasha kipande kidogo hadi sumaku isikishike, ongeza joto kidogo, zamisha kwenye oili yenye uvuguvugu. Pitisha tupa juu yake. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, kimekomaa. Kisha kibane kwenye jiliwa, ukifunike kwa kitambaa, ukivunje. Tazama pale kilipovunjikia. Ukiona rangi ya kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa, joto lilikuwa sawa. Ukiona chembe zinametameta kama sukari, ulipasha kupita kiasi, na makali ya chuma hicho yatakatika vipandevipande hata ukinoa na jiwe la bei gani.

Kupinda: usisage ubapa hadi mwembamba kabla ya kukomaza. Acha upande wa makali uwe na karibu milimita 1, komaza, lainisha kwenye oveni nyuzi 180 hadi 200 kwa saa mbili, ndipo usage mbonyeo. Na hapo uwe na ndoo ya maji pembeni, vidole bila glavu, kila mpito mmoja unachovya. Makali yakigeuka rangi ya buluu kwenye gurudumu, yameshalainika, huwezi kuyarudisha kwa kunoa.

Kuhusu nyundo: mimi simo kwenye kundi la wanaosema wembe usiofuliwa si wa mkono. Kata kutoka bamba, hakuna dhambi. Nyundo inakupa uhuru wa umbo na inaokoa chuma, lakini anayenyoa hataisikia. Atasikia ukomazaji na usagaji.

#8 Binti Seremala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nafuatilia kutoka Lindi. Mambo ya chuma nawaachia, ila mpingo umetajwa na huo ndio mkate wangu.

Ndevu Ngumu, kaka yangu, usiuruke mpini haraka. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa kwenye ndoo unazama. Kibao cha mpini wa wembe kikiwa kinene, wembe wote unaelemea nyuma na ubapa unakuwa mwepesi mkononi, unahangaika. Fundi anayejua atashusha kila kibao hadi kama milimita 3 au chini yake. Mpingo unavumilia wembamba huo, miti mingi haiwezi. Ndiyo maana watengeneza klarineti na zumari za Ulaya wanaung'ang'ania.

La pili ni ukavu. Mpingo unakauka polepole mno, na ukiharakishwa unapasuka kuanzia kichwani. Sisi tunapaka nta kwenye ncha za gogo siku ileile linapokatwa. Kibao kilichokauka vizuri huku pwani kikipelekwa kwenye nyumba ya baridi yenye hita, hewa yake ni kavu kuliko ya kwetu, kitasinyaa tena. Muulize fundi kibao kimekaa karakanani kwake muda gani kabla ya kutobolewa riveti. Akisema kimefika wiki jana, subiri.

La tatu, muulize mti umetoka wapi. Karibu jamii nzima ya mti huu, Dalbergia, iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na huku Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao na vilivyopata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa kuvuna mpingo. Mti mmoja unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Fundi asiyejua mti wake umetoka wapi, mimi simpi kazi.

#9 Makali ya Asubuhi

Dada, asante sana. Hapo kwenye uzito umenipa jambo nililokuwa nalihisi mkononi bila kulijua.

Niongeze kuhusu mpini wangu. Vibao vyake vimetoka kwenye fimbo ya mpingo ya mjomba wangu, ilivunjika katikati, nikasafiri nayo vipande viwili. Watu wakisikia hivyo wanasema, "Aaa, basi huo ndio wa oda hasa." Napenda ule mpini kuliko kitu chochote kilichomo bafuni mwangu, lakini hapana. Fimbo ya mjomba ingeweza kuvalishwa ubapa wowote. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni kitu kikubwa. Oda iko kwenye milimita 19, kwenye mbonyeo wa robo, kwenye shingo iliyorefushwa.

Ila kuna mahali viwili hivyo vilikutana. Fimbo ilikuwa na ufa mwembamba upande mmoja. Fundi alipoupasua akakuta kibao salama kinatoka kifupi kwa milimita 6 kuliko alivyopanga. Angeweza kunitafutia kibao kingine cheusi nisijue. Badala yake aliupunguza ubapa urefu na kusogeza tundu la riveti, akapima upya mahali wembe unapolala sawa juu ya kidole kimoja, akanitumia picha kabla ya kutoboa. Alibadilisha feleji kwa ajili ya ufa wa fimbo ya mtu asiyemjua.

#10 Kinyozi wa Magomeni

Mkuu, nimesoma mara mbili. Nimechukua wembe wa yule mzee, nimepima kwa kaliipa ya jirani yangu fundi pikipiki. Upana milimita 16, mgongo milimita 4.6. Hesabu zako zinanipa karibu nyuzi 16 na nusu. Kumbe yule mzee alikuwa ananoa miaka yote ile na pembe haijaharibika.

#11 Makali ya Asubuhi

Haijaharibika kwa sababu alikuwa anaulaza mgongo kila siku. Jiwe linakula mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo pembe inabaki palepale wembe ukizidi kuwa mwembamba. Tazama mgongo wake kwenye mwanga: utaona ukanda bapa unaong'aa kila upande. Kama kanda mbili zinalingana upana kuanzia kisigino hadi ncha, huyo mzee alikuwa na mkono wa dhahabu.

#12 Kinyozi wa Magomeni

Zinalingana.

#13 Fundi wa Kamukunji

Wakuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Kuna mafundi wananunua ubapa uliokatwa tayari na kukomazwa kiwandani, wao wanasaga na kuweka mpini. Huo tunauitaje?

#14 Makali ya Asubuhi

Tuuite kwa jina lake: wembe uliomaliziwa kwa mkono. Ni kazi halali, na kwa mtu anayeanza kuutengeneza ni shule nzuri sana. Ubaya ni kukaa kimya. Ubapa ukishakatwa na kukomazwa, upana, unene wa mgongo na urefu wa shingo vimeshaamuliwa na mtu ambaye hajawahi kukuona. Kilichobaki kuamuliwa ni kidogo.

Kwa wewe uliye karakanani, ningeanza na uso mmoja. Uso wako mwenyewe, au wa kaka yako. Tengeneza wembe kwa ajili ya uso huo, unyoe nao mwezi mzima, uandike unapokwama, kisha utengeneze wa pili. Nyembe za Sheffield za mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa kabari nzito kwa sababu zilisagwa kwenye magurudumu makubwa ya mawe. Gurudumu likiwa dogo ndipo mbonyeo unazama zaidi. Wewe ukiwa na gurudumu moja la ukubwa wa wastani, tayari unaweza kutengeneza robo mbonyeo, na kwa ndevu za watu wetu wengi hiyo ndiyo saizi yenyewe. Huna haja ya kuwaiga wanaotengeneza nyembe zinazolia.

#15 Ndevu Ngumu

Wakubwa, nawashukuru mno. Nimemwandikia yule fundi upya. Nimeondoa Damascus. Nimetuma picha tatu zenye mishale, ndevu za siku mbili kama mlivyosema. Nimemwambia natumia mkono wa kushoto na sibadilishi. Nimechora kiganja kwenye karatasi, kesho naipeleka posta. Nimeuliza mpingo umetoka wapi na umekaa kwake muda gani. Jina langu kwenye mgongo nimeliacha, hilo nalitaka tu.

Amejibu usiku. Mpingo ameuweka miaka 3. Bei hajataja. Ameuliza jiwe langu la kunolea lina upana gani, na kama nimezoea makali yaliyonyooka au yenye upinde. Sikujua nimjibu nini, jiwe langu ni la kawaida tu.

#16 Makali ya Asubuhi

Safi sana. Huyo anakutazama wewe sasa. Jina liweke, ni lako.

Makali yenye upinde yanazunguka vizuri kwenye taya, lakini kwenye jiwe unatakiwa uyabingirishe kidogo kila mpito, kisigino kwanza, ncha mwisho. Jiwe jembamba linakusaidia kwenye hilo, pana linakudai mkono uliozoea. Ndiyo maana ameuliza. Usimwandikie "la kawaida". Chukua rula ulipime kwa milimita, na mwambie ukweli kwamba bado unajifunza kunoa, huenda akakunyooshea makali kwa sababu hiyo.